Amiba hana tumbo, ila anakula

Kazi yangu ni kuangalia choo cha watu. Bora niliseme mapema, ili kama kuna anayesoma huku anakula aweke simu pembeni, amalize kwanza sahani yake. Niko maabara, Kigoma mjini, na asubuhi zangu nyingi zinapita nikiwa nimeinamia hadubini. Mezani vikopo vimepangwa, kila kimoja kimeviringishwa gazeti utadhani ni mali ya magendo, na wenye navyo wanakabidhi huku wakitazama ukuta. Mimi aibu hiyo ilinitoka zamani. Kikopo kimoja kinaweza kunionyesha namna nne za kula ambazo hazifanani hata kidogo, na ndilo jambo ninalotaka kulieleza, maana shuleni tulilipita kwa sentensi moja, mwalimu akafuta ubao.

Sentensi yenyewe nimeikuta tena majuzi kwenye daftari la binti aliyekuja kwetu fildi. Nilimuuliza tu, kwa mazungumzo, kama anakumbuka mmeng'enyo wa chakula. Akasimama wima kama yuko darasani.

"Mama, kiumbe cha seli moja humeng'enya chakula ndani ya seli. Kiumbe cha seli nyingi humeng'enya nje ya seli."

"Halafu?"

"Basi, Mama. Imeishia hapo."

Si uongo alioandika. Ila ukiishia hapo unaondoka ukiamini kwamba kinachoamua ni idadi ya seli: moja, unakula hivi, nyingi, unakula vile. Mimi nimekuja kuona kwamba cha kuuliza ni chakula kiko wapi wakati kinavunjwa, na kwa nini kiko hapo. Ukiuliza hivyo, ule mstari ulionyooka kwenye daftari unaanza kupinda, na unapopinda ndipo mambo yanapokuwa matamu.

Siku ile tulikuwa na mgonjwa wa kuhara damu. Choo kilikuja kikiwa bado na uvuguvugu, na hilo ndilo la kwanza, kwa sababu amiba, kiumbe cha seli moja aletaye kuhara huko, akipoa anajikunja na kutulia, na ukichelewa nusu saa hivi unabaki kukodolea macho vidoa visivyokuambia chochote. Unachukua punje ndogo pale penye ute na damu, unaichanganya na tone la maji ya chumvi juu ya slaidi, unafunika kwa kioo chembamba, unaanza na lenzi ndogo halafu unapanda hadi ya 40. Umbo halikusaidii sana kwa sababu halitulii. Unatafuta mwendo. Nilimpisha binti kwenye kiti, akazungusha kitasa taratibu, akanyamaza kidogo, kisha akasema:

"Mama, huyu anamwagika!"

Ndiyo, anamwagika. Upande mmoja wa mwili unachomoza kidole kinachong'aa, halafu mwili wote unahamia ndani ya kidole hicho. Miguu hana. Nikamwambia aangalie tumboni mwake, ingawa tumbo pia hana. Mle ndani mlikuwa na vidude vya mviringo, manjano hafifu yenye ukijani kwa mbali. Zile ni seli nyekundu za damu ya mgonjwa. Kila moja ina upana wa maikromita 7 hadi 8 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na amiba aliyezimeza ana kama 20 au zaidi. Kwetu maabara hiyo ndiyo alama inayotupa ujasiri wa kuandika kwamba huyu ni Entamoeba histolytica anayeleta ugonjwa, kwa kuwa ana pacha wake asiye na madhara anayefanana naye mno, na pacha huyo si mla damu.

Sasa tumtazame anavyokula. Utando wa mwili wake unabonyea pale ulipogusana na chakula, kingo zinakizunguka, zinakutana, na kile kipande cha utando kinakatika kwa ndani na kuwa kifuko. Kifuko hicho ndicho kinaitwa vakuoli ya chakula. Ndani ya seli vipo vifuko vingine vidogo, lisosomu, vyenye vimeng'enya vikali, yaani kemikali za kuvunja chakula, ambavyo Christian de Duve wa Ubelgiji alivitambua mwaka 1955 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1974 pamoja na wenzake wawili. Vifuko vinakutana, vinaungana kuwa kimoja, humo ndani panakuwa na asidi, na chakula kinaanza kuvunjika. Protini zinakuwa asidi amino, wanga unakuwa sukari nyepesi. Vipande vidogo vinapenya ukuta wa kifuko na kuingia kwenye ute wa seli, tayari kwa matumizi. Kilichoshindikana kinasogezwa hadi kwenye utando na kutupwa nje. Mdomo hana, wala pa kutokea hana. Popote alipo mwili ni mlango. Na vile vimeng'enya vinakaa vimefungiwa muda wote kwa sababu vikimwagika ovyo vinamla mwenye navyo.

Si viumbe wote wa seli moja walio na ulegevu huo. Chota maji ya dimbwi lenye majani yaliyooza, utampata paramesiamu, na huyo ana utaratibu. Ana mfereji pembeni mwa mwili wenye vinyweleo vinavyopiga maji ili bakteria wasukumwe mahali pamoja, kifuko kinaundwa palepale siku zote, kinazungushwa ndani ya seli kwa njia yake, na mabaki yanatolewa mahali maalumu. Mdomo na njia ya haja, ndani ya seli moja. Ningekuwa na uwezo ningempeleka kila mtoto wa kidato cha kwanza akamwone, badala ya kumchora akiwa amekaa kimya kwenye karatasi.

Lakini wote wawili wana kikomo kimoja: wanachomeza lazima kiwe kidogo kuliko wao. Amiba wa maikromita 20 hawezi kumla dagaa. Dagaa mmoja kwake ni wilaya nzima.

Hapo ndipo lilipo jibu la kwa nini sisi tunakula tofauti. Mwili wangu una seli nyingi mno, lakini hakuna hata moja inayoweza kummeza mgebuka. Seli za ukuta wa utumbo wangu ni ndogo vilevile, zinalingana na yule amiba kwa ukubwa. Ili zifaidi samaki, samaki inabidi ayeyushwe kwanza mahali fulani, kisha zipewe maji yake. Mahali hapo ndiyo tumbo na utumbo: mrija unaoanzia mdomoni na kuishia kunakojulikana. Na mrija huo, ukiufikiria vizuri, uko nje ya mwili. Ni kama uchochoro wa Ujiji. Unapita katikati ya nyumba za watu, ukuta huku na ukuta huku, unasikia redio zao na kunusa vyungu vyao, lakini hujaingia kwa mtu mpaka ufunguliwe mlango. Ugali ulioko tumboni mwako uko uchochoroni. Bado hujaupata.

Anayebisha aende akawaangalie sokwe wa Gombe au Mahale, wote wa mkoani kwetu. Watafiti Richard Wrangham na Toshisada Nishida waliandika mwaka 1983 juu ya majani ya mmea uitwao Aspilia ambayo sokwe hawa huyameza bila kuyatafuna. Anachuma jani moja moja asubuhi, analikunja kwa ulimi, analimeza zima, na baadaye linatoka zima kwenye kinyesi. Watafiti waliofuata waliona kwamba majani hayo yana vinyweleo vikwaruzi na kwamba hutoka pamoja na minyoo ya utumbo. Kilichonivutia mimi si tiba yenyewe, ingawa nayo inashangaza. Jani limetoka mdomoni hadi mwisho wa safari, limepita mita kadhaa za utumbo, na halijawahi kuingia mwilini mwa sokwe. Halikuvunjwa, kwa hiyo halikufunguliwa mlango.

Mezani hali ni tofauti. Chukua chakula chetu cha mchana, ugali wa muhogo na mgebuka aliyepikwa kwa mawese. Ugali unaanza kushughulikiwa mdomoni, maana mate yana kimeng'enya cha kuvunja wanga. Utafune muda mrefu utaona unaanza kuwa na utamu. Mgebuka anasubiri tumboni, kwenye asidi kali ya pH 2 hivi, ambako kimeng'enya kiitwacho pepsini kinaanza kukata protini. Mawese ndiyo yenye vituko. Mafuta hayachanganyiki na maji, na vimeng'enya vinafanya kazi majini, kwa hiyo yakiingia utumbo mwembamba nyongo inamwagwa juu yake na kuyagawa kuwa matone madogo sana, ndipo kimeng'enya cha kongosho kinapata pa kushika. Mtu mwenye mawe kwenye mfuko wa nyongo akila chakula chetu chekundu usiku ule hatalala. Utumbo mwembamba una urefu wa mita 6 hivi, na ukuta wake umejaa vijinyuzi vya kunyonya. Hapo sasa, kwenye vijinyuzi hivyo, ndipo chakula kinapoingia mwilini kwa mara ya kwanza. Yote ya kabla yake yalikuwa maandalizi.

Kwamba kazi hii inaweza kufanyika bila seli kuwepo kabisa, tulishaonyeshwa na balaa la mtu mmoja. Mwaka 1822, kisiwani Mackinac huko Marekani, kijana aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi tumboni kwa bahati mbaya. Alipona, ila tundu la tumbo halikuziba. Daktari wake, William Beaumont, akawa anafunga vipande vya nyama kwa uzi, anavitumbukiza kupitia tundu, anavitoa baada ya saa kadhaa aone vimefikia wapi. Halafu akafanya kilicho muhimu zaidi: akachota maji ya tumbo, akayatia kwenye chupa yenye nyama, akaiweka kwenye joto la mwili. Nyama ikayeyuka chupani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1833. Jinsi alivyomfanya kijana wa watu kuwa meza ya majaribio kwa miaka mingi ni jambo ambalo mimi halinikai vizuri, lakini chupa ile haina ubishi.  

Sasa turudi kwenye mstari wa daftari na tuanze kuupindisha.

Kwanza, sifongo. Kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika wamo sifongo wa maji baridi, wanaota juu ya mawe kama utando mgumu, na wengi wetu tunawakanyaga bila kujua ni wanyama. Sifongo ana seli nyingi. Tumbo hana. Anapitisha maji mwilini, na seli inayokamata bakteria inammeza na kummeng'enya ndani kwa ndani kama amiba, kisha inagawia wenzake. Seli nyingi, lakini mtindo ni wa seli moja. Anaweza, kwa sababu chakula chake ni kidogo kuliko seli zake. Ni ukubwa wa tonge tena.

Pili, yavuyavu. Watu wa pwani wanamjua wa baharini. Wa kwetu ni mdogo, upana wa sentimita 2 hivi, angavu, na hawashi. Mjerumani Richard Böhm alimwona ziwani mwaka 1883, wasomi wa Ulaya wakapigwa na butwaa, wakadhani ziwa letu liliwahi kuungana na bahari. Halikuwahi. Yavuyavu huyu ana tumbo lakini ni la mlango mmoja: anachokula kinaingia na mabaki yanatokea hapohapo. Vimeng'enya vinamwagwa tumboni, vinamlainisha mdudu wa majini aliyenaswa, na vile vipande vinavyobaki vinamezwa na seli za ukuta kumaliziwa ndani. Nje kidogo, ndani kidogo. Yeye amesimama katikati ya sentensi ya yule binti, mguu huku na mguu huku.

Tatu ni wale wa kwenye vikopo vyangu. Mayai ya kichocho, yenye mwiba pembeni, nayaona mara kwa mara, maana watu wa mwambao wanaoga na kufua ziwani. Mnyoo mwenyewe anakaa kwenye mishipa ya damu ya karibu na utumbo, anakula damu, na utumbo wake hauna pa kutokea. Akishamaliza anatapika mabaki ndani ya damu yako. Askarisi, yule mnyoo mrefu wa mviringo anayewatisha wazazi, ana mrija kamili kama sisi. Na tegu? Tegu wa ng'ombe anaweza kufika mita kadhaa, ana seli zisizohesabika, na hana mdomo, hana tumbo, hana utumbo. Anamwachia mwenyeji kazi yote ya kuyeyusha, yeye ananyonya kwa ngozi. Mnyama mkubwa kiasi hicho, na mmeng'enyo kaukabidhi kwa mwingine! Kati ya wote nawaonao, huyu ndiye ninayemheshimu kwa shingo upande.

Upande wa seli moja nao haujanyooka. Bakteria ana ukuta mgumu, hawezi kumeza kitu. Anatema vimeng'enya nje, vinayeyusha kilicho jirani, yeye anafyonza. Seli moja, mmeng'enyo nje ya seli. Hata yule amiba wa kuhara damu anatoa vimeng'enya vinavyokula ukuta wa utumbo, ndiyo maana vidonda vinatokea na damu inaonekana.

Akina mama wa Kibirizi wanaoanika dagaa wanaijua habari hii kwa hasara. Dagaa aliyevuliwa usiku akiwa ameshiba, jua lisipotoka asubuhi, anapasuka tumbo. Watu wanasema ameoza, na kweli ataoza, lakini kilichoanza si bakteria. Ni vimeng'enya vya dagaa mwenyewe. Akiwa hai ukuta wa tumbo ulikuwa ukijitengeneza na kujikinga kila wakati; akifa kinga inakoma, vimeng'enya havijui kwamba mwenyewe hayupo, vinaendelea na kazi, vinakula ukuta na kutokea nje. Bakteria wanaingia nyuma yao, nao wakitema vya kwao. Chumvi na jua vinaokoa mzigo kwa sababu vinaondoa maji, na bila maji hakuna kimeng'enya kinachofanya kazi, kiwe cha samaki au cha bakteria. Mvua ikinyesha kwenye vichanja, mambo yote yanaanza upya.

Basi je, sisi wenye mrija mrefu tumeuacha ule mtindo wa amiba? Hapana, na hili binti lilimfanya avute kiti. Mwaka 1882, Messina huko Sicilia, mwanasayansi Élie Metchnikoff alichoma miiba ndani ya viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo ni angavu, na kesho yake akakuta seli zinazotembea zimeuzunguka mwiba zikijaribu kuumeza. Aliipata Nobel mwaka 1908, akigawana na Paul Ehrlich. Seli zetu nyeupe ni hizo: zinachomoza kidole, zinazunguka, zinafunga kifuko, zinaunganisha na lisosomu. Kwenye bandama na ini seli za namna hiyo zinameza seli nyekundu zilizozeeka, zile zilizotimiza siku 120 hivi, kwa kasi ya takriban milioni 2 kila sekunde. Yaani kile alichokuwa akikifanya amiba chini ya lenzi yetu kwa seli za mgonjwa, bandama ya mgonjwa huyohuyo ilikuwa ikikifanya pia, tena kwa wingi zaidi. Tofauti ni kwamba bandama inarudisha chuma kwenye matumizi.

Malaria ndiyo inayounganisha yote, na kwetu malaria haikosi. Kimelea cha malaria ni kiumbe cha seli moja, kinaingia ndani ya seli nyekundu na kuanza kula hemoglobini, ile protini yenye chuma inayoipa damu wekundu. Kinaivutia kwenye vakuoli yake yenye asidi na kuivunja kwa vimeng'enya, lakini sehemu yenye chuma inabaki, na ni sumu kwake. Hana pa kuitupa. Kwa hiyo anaigandisha kuwa fuwele nyeusi. Seli ikipasuka fuwele zinamwagika kwenye damu, seli nyeupe zinazimeza, nazo zinashindwa kuzivunja. Ndiyo maana kwenye slaidi ya mgonjwa mahututi unaweza kukuta vimelea ni vichache, lakini seli nyeupe zimejaa punje za rangi ya kahawia nyeusi, na mtu wa maabara anayejua kazi hataishia kuandika idadi ya vimelea. Ataandika na zile punje, kwa sababu zikiwa kwenye seli nyeupe nyingi ni dalili kwamba vimelea vingi vimeshapita.

Wa umri wangu wanaikumbuka klorokwini, dawa ya malaria ya zamani, na muwasho wake. Ilikuwa inamwua kimelea kwa kuingia kwenye vakuoli ile na kuzuia fuwele zisigande, anabaki na sumu ya chakula chake mwenyewe. Vikazaliwa vimelea vilivyobadilika protini moja kwenye ukuta wa vakuoli, vikawa vinaitoa dawa nje kabla haijafanya kazi, na mwaka 2001 Tanzania ikaiondoa kama dawa ya kwanza ya malaria. Dawa mseto tunayotoa sasa inategemea ulaji uleule kwa njia nyingine: artemetha, mojawapo ya dawa zilizomo, inaamshwa na chuma kinachotoka kwenye hemoglobini inapovunjwa, kwa hiyo kimelea anayekula sana ndiye anayeiamsha zaidi.